Kikombe chenye Rangi ya Kucha

Mwanaheri alirudi kutoka hospitali akamkuta wifi yake, Subira, jikoni akimimina chai. Kikombe cha Mwanaheri kilikaa peke yake dirishani, kishikio kimepakwa rangi nyekundu ya kucha ili mtu mwingine asikinywee. Alikipaka mwenyewe, kwa hofu, siku alipoambiwa kifua kikuu kimerudi.

"Haya, wamesemaje?" Subira aliuliza.

"Si TB, wifi. Safari hii wamenitoa damu, wakaidondosha kwenye kipimo kipya, ikatokea mistari miwili."

"Mistari miwili? Kwa umri huo una mimba?"

Mwanaheri alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Subira akamsugua mgongo.

"Ni kuvu," alisema alipopata pumzi. "Kama ile ya mkate. Imeota mapafuni, kwenye shimo lililoachwa na ile TB ya zamani. Nimepewa dawa yake, nitapata nafuu taratibu."

"Na haiambukizi?"

"Hata kidogo. Mungu awabariki waliobuni kipimo kile."

Subira alikichukua kile kikombe dirishani, akakijaza chai, akapiga funda kubwa.

"Wifi! Hicho changu!"

"Kumbe chai tamu ulikuwa unainywa peke yako," Subira alisema, machozi yakimlengalenga. Akamkabidhi.

Mwanaheri alikipokea kwa mikono miwili. Alama ya midomo ya Subira ilikuwa bado na unyevu ukingoni. Alikizungusha kikombe polepole, mpaka alama ile ikamwelekea.