Viatu vya Beki

Okiria aliruka mtaro, akageuka ghafla kama mtu aliyesahau sufuria motoni, akapepesuka na kuangukia matako mbele ya watu wote wa barabara ya mpakani, hapo Busia.

"Si nilikuambia?" Adoyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo soli ni nene, imejaa hewa. Ukienda moja kwa moja, raha kama godoro. Ukikata kona, mguu unaenda Uganda na wewe unabaki Kenya."

Adoyo aliuza raba za mitumba juu ya gunia lililofungwa kamba kwenye pembe zake nne. Tangu Kombe la Dunia la Marekani, kila kijana alitaka zenye kiputo cha hewa kisiginoni. Huyu mgeni kutoka Adungosi, mrefu, mpole, ndiye wa kwanza kuuliza kama kiatu kitamshikilia.

"Unacheza namba gani, boss?"

"Beki. Kazi yangu ni kuzuia watu."

"Wana mbio?"

"Wengine ni upepo, dada. Filimbi ikilia tu, huwaoni."

Adoyo akampa nyingine, nyembamba, bapa. Okiria akakimbia hadi penye lori la samaki, akarudi akichechemea. Hiyo ilijikunja yote kama chapati, na kila kokoto alilisikia kana kwamba yuko miguu mitupu.

Moyo wa Adoyo ukalainika. Akachomoa raba za kijivu alizokuwa amejiwekea mwenyewe.

"Sikiza. Kiatu nzuri inapinda hapa tu, penye vidole. Hapa katikati inakataa. Kisigino, finya uone: ngumu. Na chini ni pana. Hii haikuangushi."

Okiria akazivaa. Akaruka mtaro, akageuka, akasimama wima bila kuyumba. Uso ukamng'aa.

"Na mtu akijifanya anaenda kushoto?"

"Usiangalie miguu yake, angalia kiuno. Mimi mwenyewe hujifanya naenda kushoto, kisha nakata kulia. Hakuna mtu amewahi kunishika."

"Kweli?"

"Uliza Busia nzima!"

Akampunguzia bei mpaka jirani yake Mourine, muuza nyanya, akaguna.

"Mechi ni lini?" Adoyo aliuliza, akijifanya anapanga viatu.

"Jumatatu ndiyo tunaanza."

"Basi nitakuja kukushangilia."

Jumatatu asubuhi filimbi ililia karibu na kituo cha mafuta. Adoyo akavuta kamba, gunia likajifunga, akalitupa begani na kutimua mbio. Akapenya kati ya baiskeli, akaruka mtaro, akajifanya anaenda kushoto, akakata kulia na kuingia kichochoro cha mabati. Nyuma yake wanaume wawili waligongana na kuangukiana. Akatabasamu bila kupunguza mwendo. Bidhaa yake yote ilikuwa mgongoni, na leo tena ingerudi nyumbani salama.

Mara gunia likakataa kwenda.

Adoyo akageuka. Mkono ulioling'ang'ania ulitoka kwenye shati jipya la askari wa soko, ambalo hata mikunjo ya dukani haijanyooka.

"Nisamehe, dada," Okiria alisema akihema, macho chini kwa aibu. "Sare tulipewa jana. Viatu, tuliambiwa kila mtu ajitafutie."