Dozi ya Zuhura

Mwajabu alikuwa ameshavuka kizingiti cha nyumba akiondoka, Zuhura mgongoni akiwaka homa, koo limevimba hata mate hayapiti. Mumewe alimfuata nyuma, peku. Zama hizo kila mtoto aliandikiwa dozi moja tu ya penisilini ya umri wake wote, na zahanati walisema ya Zuhura ilishachukuliwa mwaka jana, kwa alama ya kidole cha baba yake.

“Ulimpa nani, Baba Zuhura?”

“Yule wa kule naye ni mwanangu. Yake ilikuwa imekwisha.”

“Kule! Miaka minane nakupakulia, kumbe bwana una nyumba nyingine kule!”

Mwajabu akaenda na mtoto kwa dada yake. Koo la Zuhura lilipona lenyewe, lakini kwa kukosa dawa ugonjwa uliuharibu moyo, hakimbii tena. Mumewe alihamia kule. Mtoto wa kule hajambo, anasoma.