Mfereji wa Kuzunguka

Shemsa alipigilia kigingi cha mwisho, akarudi nyuma kutazama mstari wa mfereji aliotaka kuuchimba kutoka mtoni hadi shambani kwake. Huku maji yangemwagilia mpunga na mahindi, kule yangejaza dimbwi la nyati wa kufugwa, wale wa kukamuliwa maziwa, aliokusudia kuwanunua, maana nyati hastahimili jua bila mahali pa kujigaragaza. Lakini mstari ulilizunguka shamba lote la jirani yake, Bi Mashavu, kwa sababu Shemsa aliona haya kuomba njia.

Bi Mashavu alikuja, mikono kiunoni. "Mwanangu, mfereji huu unakwenda wapi, arusini?"

"Unazunguka, shangazi. Sikutaka kukusumbua."

"Jua hili litayanywa maji yote njiani. Nyati wako watajigaragaza kwenye vumbi?"

Shemsa aliinamisha kichwa. Hilo alilijua, nalo lilikuwa likimnyima usingizi.

Bi Mashavu alishika kigingi cha kwanza, akaking'oa. Shemsa akanyoosha mkono kumzuia. Kisha akamwona mama yule akivuka mpaka na kukichomeka katikati ya kunde zake mwenyewe.

"Pita hapa. Jirani huombwa njia, hakwepwi."

"Shangazi, kunde zimeanza kutoa maua!"

"Basi zitang'olewa na maua yake. Nyati wakizaa, utaniletea mtindi."

Bi Mashavu alikuwa ameshapiga magoti, aking'oa kunde na kuzikung'uta udongo. Shemsa naye akapiga magoti mbele yake, akakipokea kicha cha kwanza kwa mikono miwili.