Milango Iliyoibiwa

"Kuni? Wala hazitakusumbua, mwanangu," mama mwenye nyumba alisema, akilipigapiga jiko la chuma kama anayemsifia ng'ombe mnadani. "Nyumba hii inatunza joto. Kigari kimoja tu cha kuni kwa msimu mzima, na baridi yote ya Coyhaique unaisikia kwa majirani."

Yasna, aliyehamia juzi huku kusini mwa Chile kutoka jangwa la kaskazini, ambako watu hawawashi moto ndani, alikuwa ameshaishika kodi mkononi. Kilichomkera ni kimoja: hakuna chumba kilichokuwa na mlango.

"Wapangaji waliotoka hao!" mama aliwaka. "Mume, mke na kichanga chao. Wamehama bila hata kuaga, na milango yangu yote. Aliichonga marehemu mume wangu kwa mkono wake. Wezi wakubwa, hawana haya!"

"Sasa mtu anaiba milango ya nini, mama?"

"Kawaulize wao!"

Yasna alichuchumaa, akaivuta droo ya majivu chini ya jiko. Ilikuwa nzito kuliko majivu. Akachokoa kwa vidole, akagusa chuma. Akakitoa, akakipuliza.

Bawaba ya mlango. Imeungua nyeusi, skrubu zake zingali kwenye matundu.

Akachokoa tena. Ikatoka nyingine, na nyingine, kisha kitasa.

Alizibwaga juu ya jiko moja baada ya nyingine, kwa kishindo. Kodi akairudisha mfukoni.

"Haya, hebu rudia, mama. Ulisema kigari kimoja?"