Kiswahili cha Sauda

Siku hizo wanafunzi waliobadilishana shule walibadilishana na lugha ya mama pia. Sauda wa Tanga alikwenda Uholanzi na Kiholanzi cha Femke, mwanafunzi wa huko, naye Femke akaja kwa kina Sauda na Kiswahili cha Sauda.

Sauda alipopiga simu nyumbani, Kiholanzi kilimtoka mfululizo.

"Anasemaje?" mama yake, Bi Mwanahawa, alimuuliza mgeni.

"Sijui, mama. Kiholanzi changu anacho yeye."

Ila Femke alijitetea kama Sauda hasa. "Nimeshafagia, mama, ni upepo tu!" Bi Mwanahawa alicheka, akamkabidhi ufagio.

Siku moja kabla ya kuondoka, Femke alimfuata jikoni. "Kesho nikishakirudisha Kiswahili, nitakuaga kwa lugha gani?"

"Niage leo, mwanangu."

Femke akamuaga, akamuaga tena, hadi mchicha ukaungua.