Mshono wa Bandi

Mkuu wa shule alikitikisa kitabu cha biolojia mbele ya darasa la wasichana. Kurasa nne za katikati hazikufunguka.

"Mwalimu Mukarugwiza, umeshona vitabu vyote?"

"Vyote, Bwana Mkuu. Mafundi wa kanzu wa hapa Nyamirambo wangenionea wivu."

Kurasa hizo zilieleza jinsi mimba inavyoingia. Wazazi walikuja juu, naye Mkuu, jasiri kwa watoto tu, akamwagiza mwalimu wa ushonaji azifunge kwa uzi.

"Vizuri. Atakayezifungua, awe mwanafunzi awe mwalimu, hana nafasi hapa."

Mukarugwiza aliliangalia dawati tupu la dirishani. Mwezi uliopita msichana wa pale alimletea sketi ya sare aipanue kiunoni. "Nanenepa, Mwalimu, na wala sili sana," alisema akicheka. Hakuwa akificha kitu. Hakujua. Wiki iliyofuata alifukuzwa, tumbo la miezi mitano.

Mkuu alikiweka kitabu mezani, akaaga, akashika mlango.

"Haya, mafundi wangu," Mukarugwiza akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Huu uliomo vitabuni ni mshono gani?"

"Bandi, Mwalimu!"

"Bandi ni ya nini?"

"Ya kushikiza tu kwa muda. Haina fundo."

"Na inatolewaje?"

Mkuu akageuka, kofia haijafika kichwani. Mukarugwiza akakichukua kile kitabu mezani, akaibana ncha ya uzi kwa kucha mbili, akavuta.