Mteja Asiyenunua Lenzi

Mwanamke aliinyanyua lenzi ndefu, akaielekeza ng'ambo ya barabara, kisha akairudisha mezani upesi kana kwamba imemchoma.

"Hii inamwona mtu aliye mbali kiasi gani?" aliuliza.

Mpiga picha akacheka. Alimweleza kwamba mtu akisimama mwisho kabisa wa ukumbi, hiyo itamvuta mpaka uhesabu kope zake. Ndiyo lenzi ya kuwaiba watu wasiojua kuwa wanapigwa picha. Ile fupi na pana ni ya kundi: unaingia nayo katikati ya wanaoserebuka, unawapata wote hadi waliobanwa ukutani.

Hiyo ilikuwa mara ya pili anakuja dukani. Kiti alichopewa hakukikalia. Alizungukazunguka kati ya makabati, akichungulia mlangoni, akiulizia kamera hii na ile. Hii kubwa ya nini? Ya mwendo, akajibiwa. Bibi harusi akirusha shada, inalinasa likiwa hewani. Na hii ndogo? Haitoi mlio, ni ya wakati wa viapo, watu wakiwa kimya.

"Na penye giza?"

"Giza si neno, mama. Kinachotushinda ni mwanga wa nyuma. Mtu akiligeuzia mgongo dirisha kubwa mchana, uso unatoka mweusi ti, hata aliyemzaa hamtambui."

"Hata kwa flashi?"

"Akiwa mbali, flashi haimfikii."

Kwa mara ya kwanza mwanamke alitulia. Kisha akaulizia harusi ya Jumamosi, ile ya ukumbi wa ghorofani: yeye mpiga picha angesimama upande gani? Mpiga picha hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo, na alikuwa ameshaitangaza mtaa mzima. Akamwambia kila kitu. Mwanamke akashukuru, akaondoka bila kununua hata kitambaa cha kufutia vioo.

Mkewe, aliyekuwa akipanga fremu, alisubiri mlango ufungwe.

"Baba watoto, umemfundisha mshindani wako bure. Huyo ametumwa."

Mpiga picha alijifanya kulipuuza, lakini neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Alibadilisha mpango wake wa kusimama, akaurudia ule wa kwanza, akaubadilisha tena. Kula alikula, ila hakujua amekula nini.

Jumamosi alimwona yule mwanamke kabla ya viapo. Alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, mgongo dirishani, jua la mchana likimwaka mabegani. Mpiga picha akamvuta kwa lenzi ndefu. Kivuli kitupu. Kwapani alikuwa na mkoba mkubwa; kamera ilikuwa humo, ingekuwa wapi kwingine? Pete ikaingia kidoleni yeye akiwa ameangalia dirishani, ikabidi aombe ivuliwe ivishwe upya. Bwana harusi alimtupia jicho baya.

Baadaye mshereheshaji akawaomba watu wote wainuke, wanyamaze kidogo kumkumbuka marehemu mama wa bibi harusi, aliyemwacha binti yake akiwa bado ananyonya. Viti vikakwaruza sakafu. Bibi harusi akafuta machozi. Baba yake akamshika bega.

Mpiga picha akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akapita kandokando ya ukuta hadi dirishani. Mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine.

"Mama, nani amekutuma?" alinong'ona, akiinua ile kamera ndogo isiyo na mlio. "Nakupiga picha, ili kesho tujuane."

Mwanamke akaifunika lenzi kwa kiganja.

"Usinipige, mwanangu. Nilitaka kumwona tu akiwa ndani ya gauni," alisema. "Huyo marehemu mnayemsimamia ni mimi."